Kitufe Kimebonyezwa, Taa Imekaa Kimya: Utatuzi wa Matatizo ya Vitufe Kwenye Nyumba Janja

Mbonyezo mmoja hupita vituo vitano kabla taa haijawaka. Kontakti za kitufe hugusana. Kifaa kidogo hutambua kwamba zimegusana. Ujumbe hurushwa hewani au hupita kwenye waya. Kituo kikuu cha nyumba huamua la kufanya. Mwisho amri huifikia taa. Taa isipowaka, la kwanza ni kujua mbonyezo umeishia kituo gani. Kufuta kitufe kwenye mfumo na kukiunganisha upya ndiyo tiba inayokimbiliwa na wengi, na mara nyingi haitibu chochote, maana ugonjwa ulikuwa waya uliolegea au otomesheni (kanuni ya "kikitokea hiki, fanya kile") iliyoandikwa vibaya.

Kwa hiyo kabla hujashika bisibisi, fungua mahali ambapo ujumbe unaonekana ukipita. Kama kitufe kimeungwa kwa waya kwenye ESP8266 au ESP32 (bodi ndogo zenye chipu ya Wi-Fi) inayotumia ESPHome (programu ya kuziunga bodi hizo na nyumba janja), fungua logi ya kifaa, yaani orodha ya matukio yake: kila mbonyezo uandike ON kisha OFF. Kama ni cha Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vinavyotumia umeme kidogo) na unatumia Zigbee2MQTT (programu inayopeleka ujumbe wa Zigbee kwenye MQTT, seva ya kupokezana ujumbe), sikiliza mada ya `zigbee2mqtt/#`. Kama ni ZHA (kiungo cha Zigbee kilichomo ndani ya Home Assistant, programu ya kituo kikuu), nenda kwenye zana za wasanidi za Home Assistant, sehemu ya matukio, usikilize `zha_event`. Kisha bonyeza mara kumi, polepole, huku ukihesabu.

Ujumbe ukifika kumi kamili na taa haitii, achana na kitufe; kosa liko kwenye otomesheni au kwenye taa yenyewe. Usipofika hata mmoja, kosa liko kwenye kitufe, waya, betri au mtandao. Ukifika saba au kumi na tatu, una tatizo la kontakti au la mawimbi. Kipimo hiki huchukua dakika moja na huondoa nusu ya kazi.

## Kitufe cha waya hakisomeki kabisa

Weka multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye GND (sehemu ya volti sifuri) ya bodi, nyekundu kwenye pini ya kitufe. Kitufe kikiwa kimeachwa, usome karibu volti 3.3, kikibonyezwa, ishuke hadi karibu sifuri. Majibu mengine yote yana maana yake.

Ikibaki 3.3 hata ukibonyeza, njia ya kwenda GND imekatika mahali fulani: lehemu baridi, skrubu iliyobana plastiki ya waya badala ya shaba, au GND mbili ambazo hazijaunganishwa. Hilo la mwisho huwapata wanaotumia adapta mbili, moja ya bodi na nyingine ya vitufe vyenye taa ndani. GND zote lazima zikutane.

Ikibaki sifuri hata usipobonyeza, tazama miguu ya kitufe. Vile vidogo vya milimita 6 kwa 6 vina miguu minne, lakini kwa ndani imeungwa jozi jozi. Ukichukua miguu miwili ya jozi moja, hujaweka kitufe, umeweka kipande cha waya. Dawa isiyokosea ni kutumia miguu iliyo pembe kwa pembe, kwa mshazari. Hiyo daima iko pande mbili za kontakti, vyovyote utakavyokigeuza kitufe.

Ikielea, labda 0.8, labda 1.9, na kubadilika ukisogeza mkono karibu na waya, pini haina rezista ya kuivuta kwenda 3.3 V. Chipu nyingi zina rezista hiyo ndani na inawashwa kwa programu, ila si kwa kila pini. Kwenye ESP32, pini ziitwazo GPIO34 hadi GPIO39 ni za kuingiza tu na hazina rezista hiyo kabisa, hata uandike `pullup: true` (agizo la kuiwasha) mara mia. Kwenye ESP8266, GPIO16 nayo haina. Ama hamisha waya kwenye pini nyingine, ama weka rezista ya nje ya kΩ 10 kati ya pini na 3.3 V.

Kwa pini yenye rezista ya ndani, mpangilio wa kawaida wa ESPHome ni huu:

```
binary_sensor:
  - platform: gpio
    name: "Kitufe cha sebuleni"
    pin:
      number: GPIO27
      mode:
        input: true
        pullup: true
      inverted: true
    filters:
      - delayed_on: 10ms
      - delayed_off: 10ms
```

Neno `inverted` linasahaulika sana. Kwa kuwa kitufe huivuta pini kwenda GND, kubonyezwa kunasomeka kama sifuri. Bila kugeuza, mfumo utadhani kitufe kimebonyezwa mchana kutwa na kinaachiwa pale unapokigusa. Dalili yake ni taa inayoitika unapoondoa kidole badala ya unapobonyeza.

Kuna dalili ya ajabu kidogo: kila kitu kinafanya kazi, umeme unakatika, ukirudi bodi haiwaki tena. Hapo umetumia pini ambazo chipu huzisoma wakati wa kuwaka. ESP8266 husoma GPIO0, GPIO2 na GPIO15 (kwenye bodi za NodeMCU zimeandikwa D3, D4 na D8). GPIO0 ikiwa chini wakati huo, chipu hukaa ikisubiri programu mpya na haianzi kazi. Swichi ya kuwasha na kuzima iliyoachwa upande wa kufunga ikiwa kwenye GPIO0 itafanya hivyo kila mara. Tumia D1, D2, D5, D6 na D7. Kwenye ESP32 epuka 0, 2, 5, 12 na 15, na usiguse 6 hadi 11 maana zimeshikwa na kumbukumbu ya chipu. Pini 18, 19, 21, 22, 23, 25, 26, 27, 32 na 33 hazina usumbufu kwa kazi hii.

Na kwa wenye vitufe vya mchezo vyenye taa ndani: taa ile mara nyingi ni ya volti 5 au 12. Pini za ESP32 hazivumilii 5 V. Waya wa taa ukigusana na waya wa kontakti hata mara moja, pini inaweza kufa huku bodi nzima ikiendelea kuishi, ukabaki ukitafuta kosa kwenye programu. Ukishuku hivyo, hamisha waya kwenye pini nyingine na ubadilishe namba tu.

## Unabonyeza mara moja, kinahesabu mara mbili

Vipande viwili vya chuma vikigongana haviketi papo hapo. Hudunda, kama mpira mdogo, kwa milisekunde chache, na chipu ina kasi ya kutosha kuona kila mdundo. Kitufe kizuri hutulia ndani ya milisekunde 5 hivi. Kilichochakaa au cha bei ya chini kinaweza kufika 20 au zaidi. Ikiwa otomesheni yako inageuza hali, yaani iliyowaka izime na iliyozimwa iwake, midundo miwili maana yake taa inawaka na kuzima kabla jicho halijaona kitu. Mtumiaji atakuambia kitufe "hakifanyi kazi wakati mwingine", kumbe kinafanya kazi kupita kiasi.

Kwenye mpangilio wa hapo juu, `delayed_on` na `delayed_off` ndizo zinazotibu hili: hali mpya haikubaliwi mpaka itulie kwa muda huo. Anza na 10ms. Ikiendelea, panda hadi 30, kisha 50. Ukifika 50 na bado kinarudia, usiendelee kupanda. Hicho kitufe kimekufa, au waya umelegea, na kuongeza muda ni kufunika shimo kwa mkeka.

Marudio yanaweza pia kutoka juu zaidi. Angalia logi: ON moja na OFF moja tu kwenye kifaa, lakini otomesheni imeendeshwa mara mbili? Basi tazama kama umeandika kichochezi (kinachoanzisha otomesheni) cha mabadiliko yoyote ya hali bila kutaja hali ipi. Kubonyeza ni badiliko, kuachia ni badiliko la pili. Andika `from: "off"` na `to: "on"`, yote mawili.

Dalili inayofanana, ila si ile: taa tatu za chumba, ukibonyeza, moja inazima na mbili zinawaka. Umetumia amri ya kugeuza kwa taa tatu moja moja, na kila moja imegeuza hali yake. Unda kundi moja la taa ndani ya Home Assistant, uligeuze kundi. Kundi huhesabika limewaka hata taa moja ikiwaka, kwa hiyo mbonyezo wa kwanza utazizima zote na zitakuwa sawa tangu hapo.

## Kinajibonyeza chenyewe usiku

Wenye nyumba huanza kuzungumzia majini. Mara nyingi ni waya mrefu.

Rezista ya ndani ya ESP32 ni karibu kΩ 45, yaani inaivuta pini kwa nguvu ndogo sana. Waya wa mita kumi uliolala sambamba na waya wa umeme mkubwa ni antena. Friji ikiwaka au feni ikizimwa, mshtuko mdogo huruka kutoka waya mmoja hadi mwingine, na chipu inauona kama kidole. Ukipanga saa za mibonyezo hiyo kwenye historia ya Home Assistant ukaona inalingana na kuwaka kwa friji au pampu, umeshampata jini.

Tiba ina sehemu tatu, na ni vema kuzifanya zote kwa waya wowote unaozidi mita mbili tatu. Kwanza, tumia jozi moja iliyosokotwa ya kebo ya mtandao: waya mmoja ishara, mwenzake GND. Usichukue ishara kwenye jozi moja na GND kwenye nyingine, utapoteza faida yote ya kusokotwa. Pili, karibu na bodi, weka rezista ya kΩ 4.7 kutoka 3.3 V hadi kwenye waya wa kitufe. Kisha kΩ 1 kutoka kwenye waya huo hadi kwenye pini. Kisha kapasita ya nF 100 kati ya pini na GND. Rezista ya kwanza inavuta kwa nguvu zaidi, ya pili inaikinga pini, kapasita inameza michomo mifupi. Usitegemee kapasita hiyo kutuliza mdundo wa kontakti, ni ndogo mno kwa kazi hiyo. Kazi hiyo iachie programu. Tatu, ikilazimu kukutana na waya wa umeme, vuka kwa pembe ya mraba, usitembee naye sambamba. Na waya wa volti 3.3 usipitishwe kwenye bomba moja na waya wa umeme wa nyumba, kwa sababu ya usalama kabla ya sababu ya mawimbi.

Sasa tuseme kitufe chako kimeungwa kwenye moduli ya rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayokaa nyuma ya swichi ya ukutani, ile yenye kiingilio cha swichi kinachotumia umeme mkubwa. Mshukiwa wa kwanza ni kile kitaa kidogo ndani ya swichi kinachokuonyesha ilipo gizani. Kitaa hicho hupitisha mkondo mdogo hata swichi ikiwa wazi, na kiingilio cha moduli kinaweza kuusoma kama mbonyezo. Kitoe kitaa, au badilisha swichi. Kabla ya kufungua boksi hilo zima umeme kwenye meni swichi na uhakikishe kwa kipima umeme. Sakiti ya ndani ya moduli nyingi za aina hii haijatengwa na umeme mkubwa, kwa hiyo hata pini zake ndogo za kuwekea programu zinaweza kukuua.

Kama kujibonyeza kunatokea kila unapowasha upya Home Assistant au ruta, waya hauna kosa. Kuna visababishi viwili. Cha kwanza: hali ya kitufe inatoka kwenye `unavailable` (haipatikani) kuja kwenye hali yake ya kawaida, na otomesheni inaliona hilo kama badiliko. Ule mstari wa `from: "off"` unatibu. Kwa vitufe vinavyoonekana kama huluki (vitu ambavyo Home Assistant hufuatilia hali yake) za aina ya tukio, ambazo hali yake ni saa ya mbonyezo wa mwisho, weka `not_from: unavailable` kwenye kichochezi. Cha pili: ujumbe wa MQTT uliohifadhiwa kwenye seva. Mtu aliwasha `retain` kwenye kitufe, na kila mfumo unapoungana tena, seva inamkabidhi mbonyezo wa jana. Hali ya balbu inafaa kuhifadhiwa. Mbonyezo haufai kamwe. Zima `retain`, kisha tuma ujumbe mtupu wenye `retain` kwenye mada ileile ili kufuta uliobaki.

## Kinafanya kazi mara ya kwanza, ya pili hakiitiki

Hapa kuna makosa mawili ya kimya.

Otomesheni za Home Assistant, usipoagiza vingine, ziko katika hali ya `single`: ikiwa bado inaendelea, mwito mpya hutupwa. Otomesheni ya "washa taa ya varanda, subiri dakika tano, zima" itakataa kila mbonyezo kwa dakika tano hizo. Kwenye logi utaona onyo kwamba tayari inaendeshwa. Badilisha iwe `restart` ukitaka kila mbonyezo uanze kuhesabu upya. `queued` inafaa kwa vitufe vya sauti au mwanga ambapo mibonyezo yote ihesabiwe kwa foleni.

Kosa la pili ni kwenye huluki za tukio. Ukiweka kichochezi kwenye sifa ya `event_type`, mbonyezo wa kwanza hubadilisha sifa hiyo kuwa, tuseme, `single`. Mbonyezo wa pili nao ni `single`. Hakuna kilichobadilika, kwa hiyo hakuna kichochezi. Sikiliza hali yenyewe, ambayo ni saa na hubadilika kila mara, halafu aina ya mbonyezo iangalie kwenye masharti.

Wanaosasisha Zigbee2MQTT kutoka toleo la zamani kwenda la 2 hukutana na sura nyingine ya jambo hili: zile sensa za `action` zilizokuwa zikitumika kwenye otomesheni hazitengenezwi tena zenyewe. Otomesheni zote za vitufe hunyamaza siku moja. Zihamishie kwenye vichochezi vya kifaa vya MQTT badala ya kuzifufua sensa za zamani.

## Kinachelewa

Pima kwanza kuchelewa kwenyewe, maana kila kiasi kina mwenyewe.

Nusu sekunde isiyobadilika, kila mara: kitufe kinasubiri kuona kama utabonyeza tena. Kifaa chochote kinachotofautisha mbonyezo mmoja na miwili hakiwezi kutangaza "mmoja" mpaka muda wa kusubiri wa pili upite. Kwenye ESPHome utauona waziwazi:

```
on_multi_click:
  - timing:
      - ON for at most 0.5s
      - OFF for at least 0.4s
    then:
      - logger.log: "Mmoja"
  - timing:
      - ON for at most 0.5s
      - OFF for at most 0.4s
      - ON for at most 0.5s
      - OFF for at least 0.2s
    then:
      - logger.log: "Miwili"
```

Ile 0.4s ya juu ndiyo unayoilipa kila unapowasha taa. Ukiipunguza hadi 0.25s, wenye vidole vya polepole watashindwa kubonyeza mara mbili. Kwa maoni yetu, kitufe cha taa kuu kisiwe na mbonyezo wa mara mbili kabisa: kiitike kwenye ON papo hapo, na kazi ya ziada uipe mbonyezo wa kushikilia. Kumbuka pia kwamba `on_multi_click` mtindo wa mbonyezo usipolingana na wowote, huacha kusikiliza kwa sekunde 1. Aliyebonyeza vibaya kisha akarudia haraka kwa hasira hatasikiwa. Mpangilio wa `invalid_cooldown` unapunguza muda huo.

Sekunde mbili hadi tano, kwa kitufe cha Wi-Fi cha betri: kifaa kilikuwa usingizini, na sasa kinaamka, kinatafuta ruta, kinaomba anwani, kinaungana. Mpe anwani ya IP isiyobadilika na `fast_connect: true`, utaokoa sehemu nzuri ya muda huo, lakini hutafika chini ya kile ambacho mtu anakiita papo hapo. Kwa taa tumia Zigbee. Wi-Fi ya betri iachie kengele ya mlango.

Sekunde kadhaa kwa mbonyezo wa kwanza tu baada ya saa nyingi, kisha kawaida: kitufe cha Zigbee kimepoteza mzazi wake na kinatafuta mwingine. Hilo linaingia sehemu inayofuata. Na kama kuchelewa kunafuata hali ya intaneti yako, basi amri inatoka nyumbani, inazunguka seva ya kampuni, inarudi. Kitufe hakina dhambi.

## Kitufe cha Zigbee hupotea baada ya siku chache

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na chanzo chake kikuu kinashangaza: swichi ya ukutani ya kawaida.

Mara nyingi kitufe cha betri hakizungumzi na kituo kikuu moja kwa moja. Huchagua mzazi, kifaa chenye umeme wa kudumu kilicho karibu, na kumpitishia ujumbe. Balbu za Zigbee hufanya kazi hiyo ya uzazi. Sasa mtu anapozima balbu kwa swichi ya ukutani, hajazima taa tu, amezima mzazi wa vitufe viwili vitatu. Vitufe vingine hutafuta mzazi mpya haraka. Vingine hung'ang'ania yuleyule kwa ukaidi, vikabaki yatima mpaka uviunganishe upya.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, fungua ramani ya mtandao ya Zigbee, uone kitufe kinachopotea kinaning'inia kwa nani. Kikiwa kwa balbu inayozimwa ukutani, umepata jibu. Weka plagi janja mbili au tatu za Zigbee mahali zisipochomolewa, ziwe wazazi wa kuaminika. Kisha unganisha kitufe upya ukiwa umesimama pale kitakapokaa, si mezani kando ya kompyuta; kikiunganishwa mezani kitamchagua mzazi wa mezani.

Mawimbi ndiyo sababu ya pili. Zigbee iko kwenye 2.4 GHz pamoja na Wi-Fi, chaneli 11 hadi 26, na namba zake hazilingani na za Wi-Fi. Wi-Fi ikiwa chaneli 1 hufunika takribani 11 hadi 14 za Zigbee. Ikiwa 6, hufunika 16 hadi 19. Ikiwa 11, hufunika 21 hadi 24. Zinazobaki na nafasi ni 15, 20, 25 na 26, ila baadhi ya vifaa hutuma kwa nguvu ndogo kwenye 26, hivyo 25 ni chaguo jema zaidi. Ukibadilisha chaneli, tarajia baadhi ya vitufe vya betri kuhitaji kuunganishwa upya, kwa hiyo fanya mapema kabla nyumba haijajaa.

Tatu, na hii ni ya dakika mbili: kijiti cha Zigbee kilichochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la USB 3.0. USB 3.0 hutoa kelele palepale penye 2.4 GHz. Waya wa kurefushia wa USB wa mita moja, kijiti kikakaa mbali na kompyuta na diski, umewahi kutibu mitandao iliyokuwa ikilaumiwa kwa kila dhambi.

Kwa vifaa vya ESPHome kuna upoteaji wa aina nyingine, wenye saa kamili: bodi inajiwasha upya kila baada ya dakika 15. Hapo haijaharibika. ESPHome kwa kawaida hujiwasha upya ikikaa dakika 15 bila mteja wa API, yaani bila Home Assistant kuungana nayo moja kwa moja. Kama unatumia MQTT na API haina mteja, ondoa `api:` kwenye mpangilio, au weka `reboot_timeout: 0s`.

## Betri

Asilimia ya betri inayoonyeshwa kwenye skrini usiiamini sana. Hukokotolewa kutoka kwenye volti wakati kitufe kimepumzika, na CR2032 hushikilia karibu volti 3 muda mrefu kisha huanguka ghafla. Pima ikiwa kazini: unga rezista ya Ω 330 kwenye ncha zake (itavuta kama mA 9), subiri sekunde tano, soma. Ikishuka chini ya 2.5 V, itupe, hata kama bila rezista ilisoma 2.9. Baridi huongeza ukinzani wa ndani wa betri, ndiyo maana kitufe cha getini hukataa alfajiri na kukubali mchana.

Kitufe kinachokula betri mpya ndani ya wiki chache kwa kawaida hakina kasoro ya betri. Ama kimekwama ndani, kikituma ujumbe wa kushikiliwa bila kukoma (logi itakuonyesha), ama kimekuwa yatima na kinatafuta mzazi usiku na mchana. Na usijaribu kuendesha ESP8266 kwa CR2032: inapotuma kwa Wi-Fi inaweza kuhitaji mA 170, na kibetri kile hakiwezi kutoa hata robo ya hizo bila volti kuporomoka.

## Swichi ya zamani ya ukutani iliyofanywa kitufe

Moduli ya rilei iwekwe kwenye hali ya kutenganishwa, `detached` kwenye nyingi, ikiwa balbu ni janja: rilei ibaki imewaka daima, swichi itume ujumbe tu. Usipofanya hivyo, kubonyeza kunakata umeme wa balbu na otomesheni zako zote zinampigia simu maiti. Kisha linganisha aina. Swichi inayobaki ilipowekwa, ukiiambia moduli kwamba ni kitufe cha kurudi chenyewe, italazimu kuibonyeza mara mbili ili taa iitike mara moja. Chagua aina ya badiliko, ili kila mwendo, juu au chini, uhesabike kama mbonyezo mmoja.

Ukiitumia swichi hiyo ya ampea 10 kwenye pini ya volti 3.3 ya ESP32, itafanya kazi vizuri miezi ya mwanzo kisha ianze kukosa. Kontakti zake zilitengenezwa zijisafishe kwa cheche ndogo za mkondo mkubwa; kwa sehemu ya elfu ya ampea, ukungu wa oksidi hujengeka na hakuna wa kuutoboa. Badilisha ile kΩ 4.7 iwe kΩ 1, mkondo upande hadi mA 3.3. Ikiendelea kukosa, weka kitufe chenye kontakti za dhahabu kilichotengenezwa kwa ishara ndogo, kifuniko cha zamani kikabaki juu yake.